Gereji moja ya Njiro, Arusha: kuliwasha gari lililolala muda mrefu

Mazda MX-5 yangu, gari dogo la michezo lenye paa la kukunjwa, ililala miezi saba chini ya turubai, tangu masika yalipoanza hadi niliporejea kutoka Ujerumani, ambako wenye magari ya aina hii huyafungia majira ya baridi kwa kuogopa chumvi inayomwagwa barabarani. Fundi wa gereji hii, aliyekubali kuja nyumbani, alinikataza kugusa swichi kabla hajafungua boneti, na katazo hilo peke yake lilistahili malipo yake, kwa kuwa ndani ya chujio la hewa tulikuta kiota cha panya kilichosukwa kwa nyuzi za turubai langu mwenyewe.

Betri ilisoma volti 11.8 badala ya 12.6, naye akaichaji taratibu usiku kucha. Asubuhi alinyonya petroli iliyochacha na kuweka mpya, akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta injini isiwake, kisha akapiga starta mara tatu, sekunde chache kila mara, ili oili iliyokuwa imeteremka chini ya injini ipande kwanza kwenye vyuma vya juu. Fyuzi iliporudishwa injini ilishika mara moja, na hakuniruhusu kukanyaga mafuta hadi ipate joto.

Diski za breki zilikuwa na kutu jepesi lililoisha tulipozunguka mtaani polepole. Kasoro ni moja: upepo wa matairi hakuupima mpaka nilipomkumbusha, na la nyuma kushoto lilikuwa karibu tupu.