Choo cha kukaa: tangi la kufungwa au kipande kimoja?

Kwa nyumba ya kawaida, tunapendekeza choo ambacho tangi lake hufungwa juu ya bakuli kwa bolti. Tangi likipasuka, unabadilisha tangi tu. Cha kipande kimoja unang'oa chote. Udhaifu wa hiki cha bolti ni ile raba kati ya tangi na bakuli. Fundi akikaza upande mmoja kwanza, maji huvuja au kauri hupata ufa. Akaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule.

Kabla ya kulipa, pima bomba la uchafu la nyumbani. Choo cha aina ya S hutoa uchafu sakafuni, cha P ukutani, na tundu la hicho cha P kwa kawaida huwa sentimita 18 juu ya vigae.

Ingiza kidole kwenye njia ya uchafu. Ikikwaruza, kiache choo hicho dukani, kitanasa karatasi.

Flashi ya lita 3 (haja ndogo) na 6 (haja kubwa) inatosha. Ila kama simtanki lako liko juu kidogo tu ya dari, dai vali ya kuingiza maji ya presha ndogo, la sivyo tangi la choo litachelewa mno kujaa. Maji ya kisima yawekewe chujio: chembe ya mchanga ikikwama kwenye vali, haifungi, na maji hutiririka bakulini usiku kucha.