YouVersion kwa anayetaka imani yake ifike kazini: cha kutumia na cha kuachana nacho

Programu ya Biblia ya YouVersion ilitoka mwaka 2008, Apple ilipofungua duka lake la programu za simu. Ilianzishwa na kanisa la Life.Church la jimbo la Oklahoma, Marekani, na hadi leo ni ya bure na haina matangazo. Wakristo wengi wanayo tayari, kwa hiyo hatutazungumzia namna ya kuipakua. Tunaipima kwa swali moja tu: je, inamsaidia mtu anayetaka kujua kazi yake ya leo, iwe ya kufua, kufundisha, kuuza au kulea, ina kusudi gani mbele za Mungu?

Inasaidia, na sana. Ila ukiiacha ijiendeshe yenyewe, itakupa aya nyingi na kusudi kidogo. Inabidi uipangie kazi.

Tuanze na Aya ya Siku, kwa kuwa ndiyo inayokupokea ukifungua. Ni aya moja, au mbili, juu ya picha nzuri, tayari kutumwa kwa wengine. Kwa mtu ambaye asingesoma chochote siku hiyo, hiyo ni neema. Tatizo ni kwamba aya iliyochomolewa mahali pake huanza kusema jambo ambalo mwandishi wake hakulisema, na aya zinazohusu kusudi ndizo zinazoumia zaidi.

Chukua Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Ikisimama peke yake inasomeka kama ahadi kwamba mambo yako yatanyooka karibuni. Sasa gusa aya hiyo, fungua sura nzima, na uanze juu. Ni barua iliyotoka Yerusalemu kwenda kwa mateka waliohamishiwa Babeli. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake. Aya ya 6, waoe na kuozesha. Aya ya 7, wautakie amani mji uleule uliowateka na kuuombea. Aya ya 10 inataja miaka 70. Rudi sura moja nyuma utamkuta Hanania, nabii aliyewaahidi watu kwamba mambo yangeisha ndani ya miaka miwili, na Mungu akamkana. Maana yake ni kwamba wengi waliosikia aya ya 11 walizeeka na kufa ugenini, na kusudi la Mungu kwao lilikuwa kupanda bustani na kulea watoto hapohapo walipokuwa. Mtu aliyekwama kwenye kazi asiyoipenda anapata chakula kingi zaidi katika aya ya 5 kuliko katika aya ya 11 iliyobandikwa kwenye picha ya machweo.

Wafilipi 4:13, “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu”, nayo hufanyiwa hivyohivyo. Soma kuanzia aya ya 11 utaona kwamba Paulo anazungumzia kuridhika katika njaa na katika shibe. Habari ya kushinda mitihani haipo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya matumizi: usiishie kwenye ukurasa wa mwanzo. Iguse aya, nenda kwenye sura, soma angalau aya kumi kabla yake na tano baada yake. Inachukua dakika tatu. Programu inakurahisishia njia hiyo, ila haikulazimishi kuipita.

Kuhusu matoleo, kwa Kiswahili utapata Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilikamilika mwaka 1952, Biblia Habari Njema, na Neno, pamoja na mengine. Wengi wamekariri Union Version, na hilo lina faida, kwa kuwa aya uliyoikariri hukujia hata simu ikiwa mbali. Lakini kwenye nyaraka za Paulo, sentensi zake ndefu humpoteza msomaji mpya. Ukigusa aya kuna sehemu ya kulinganisha matoleo; itumie pale unapokwama tu. Anayelinganisha kila aya hamalizi sura. Toleo utakalolichagua kuwa la kila siku lipakue kwenye simu ikiwa wachapishaji wake wameruhusu (si yote yanayoruhusiwa), halafu wakati wa kusoma zima data. Hili ndilo pendekezo letu lenye nguvu kuliko yote katika mapitio haya. Biblia ya kwenye simu inakaa nyumba moja na ujumbe wa kazini, na ujumbe ukiingia katikati ya Zaburi, Zaburi ndiyo inayosubiri.

Arifa za kila siku unaweza kuzipangia saa. Wengi huziweka saa ya kuamka, na hapo zinazikwa chini ya arifa nyingine zote. Iweke karibu na mwanzo wa kazi yenyewe: robo saa kabla ya kufungua duka, kabla ya kipindi cha kwanza, au mara baada ya watoto kuondoka kwenda shule. Neno likifika wakati mikono inakaribia kushika kazi, ni rahisi kuuliza linaigusaje kazi hiyo.

Mipango ya kusoma ndiyo moyo wa programu, na ubora wake unatofautiana mno. Iko ya siku tatu, tano, saba, hadi ya mwaka mzima. Ukitafuta neno “kusudi” utapata mingi, na mingi kati yake ina muundo mmoja: maandishi ya mwandishi ya kutia moyo na kipande kidogo cha Maandiko mwishoni. Kabla ya kuanza mpango, fungua siku ya kwanza na ya mwisho, ukague mambo matatu. Je, kifungu cha Biblia cha kila siku kinafika aya kumi? Je, mpango unamtaja mtu aliyefanya kazi ya kawaida, au wafalme na manabii peke yao? Je, mahali popote unakiri kwamba mtu anaweza kutii na bado akaugua, akafukuzwa kazi, au akaishi bila kujulikana? Mpango unaoshindwa jambo la tatu uache, hata kama umepambwa vizuri. Unamwandaa msomaji kudhani Mungu amemkimbia siku mambo yatakapoharibika.

Jihadhari pia na alama ya vema inayowekwa ukimaliza siku. Haijui kama umesoma au umepitisha kidole. Watu huyasoma maandishi ya mwandishi wa mpango na kuruka Maandiko, kwa sababu maandishi ni mepesi na Maandiko yanaonekana kama tayari wanayajua. Geuza mpangilio: Maandiko kwanza, maelezo baadaye. Ukibanwa na muda, kinachorukwa kiwe maelezo.

Mipango ya Kiswahili ni michache kuliko ya Kiingereza. Si hasara kubwa, maana mipango bora kwa suala la imani katika maisha ya kila siku ni vitabu vya Biblia vyenyewe, na hivyo huhitaji mtu akutungie. Ruthu ina sura 4 na haina muujiza wa bahari kupasuka. Ina kuokota masazo shambani, mkataba wa ardhi na mkwe mwaminifu, na katika hayo ukoo wa Daudi unaendelea. Kolosai ina sura 4, aya 95. Yakobo ina sura 5 na inagusa ulimi, upendeleo, mipango ya biashara na mishahara. Mithali ina sura 31, unaweza kusoma inayolingana na tarehe ya leo. Ukikosa siku, soma ya leo na usirudi nyuma. Kwa mipango rasmi, kuna chaguo la kusogeza tarehe ukichelewa. Litumie bila aibu, badala ya kusoma siku sita kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo linapokuja suala la siku mfululizo. Programu huhesabu siku ulizoifungua bila kukatiza. Inasaidia mwezi wa kwanza, wakati tabia inajengwa. Baada ya hapo inaweza kuwa bwana mbaya: mtu anafungua saa tano na dakika hamsini na tano usiku ili hesabu isivunjike, anafunga, analala. Hesabu hiyo haitofautishi aliyezembea na aliyekesha hospitalini akimshika mgonjwa mkono. Mungu anatofautisha. Ikivunjika, iache ivunjike.

Sehemu inayopuuzwa mno ni maandishi binafsi unayoweza kuambatanisha na aya. Hapa programu inazidi daftari kwa jambo moja: ukirudi kwenye sura ile mwaka ujao, ulichoandika kinakusubiri palepale. Andika mistari mitatu tu. Wa kwanza, aya inasema nini, kwa maneno yako. Wa pili, inagusa kazi gani ya leo, kwa jina lake. Wa tatu, utafanya nini na kabla ya saa ngapi. Mfano wa Yakobo 5:4, inayozungumzia ujira wa vibarua uliozuiliwa, unaweza kuwa hivi: “Mungu husikia kilio cha asiyelipwa. Ankara ya fundi imekaa mezani kwangu tangu Jumatatu. Naiidhinisha kabla ya saa nne.” Jioni ongeza mstari wa nne: imekuwaje. Mtu akiandika “Bwana nisaidie kuwa mwaminifu” na kuishia hapo, kesho hana cha kukagua. Uaminifu una ankara, una saa, una mtu anayesubiri.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha maandishi yamewekwa kuwa ya siri, kwa sababu yapo pia mengine ya marafiki na ya watu wote. Maungamo kuhusu bosi wako hayapaswi kuwafikia wanakwaya.

Rangi za kupigia mstari zinafaa zikiwa chache. Tatu zinatosha: moja ya amri, moja ya ahadi, moja ya maneno unayoweza kuyageuza kuwa sala. Rangi zikizidi, ukurasa wote unang'aa na jicho halioni kitu.

Sauti ni zawadi kwa wenye mikono iliyoshikika. Waraka wa Kolosai wote unasikika kwa takriban robo saa, muda wa kuosha vyombo. Na zaburi nyingi ni fupi kiasi cha kwisha kabla basi halijafika kituo kinachofuata. Kusikiliza hakukosi heshima yoyote: katika Kolosai 4:16 Paulo anaagiza waraka usomwe mbele ya kanisa, kisha usomwe Laodikia pia, kwa hiyo wasikilizaji ndio waliokuwa wengi tangu mwanzo. Kusikiliza kunatumia data, basi anayebana matumizi apange kufanya hivyo penye intaneti ya bure.

Ukisikiliza Kolosai, tulia sura ya 3, aya ya 22 hadi 24. “Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo” ni aya inayopendwa kwenye mabango ya ofisini, lakini walioandikiwa ni watumwa, watu wasiochagua kazi yao na wasiotarajia kupandishwa cheo. Paulo anawaambia wanamtumikia Bwana Kristo, na kwamba urithi unatoka kwake. Wito wa Mungu ulimfikia mtu asiyekuwa na hata haki ya kuacha kazi. Anayedhani kusudi lake litaanza atakapopata kazi nzuri zaidi na azisikilize aya hizo tatu mara mbili.

Kusoma na marafiki ni huduma nzuri yenye ugonjwa mmoja: mjadala wa kila siku hujaa “Amina” na mikono ya kuomba. Dawa yake ni watu wachache, watatu au wanne, na swali moja lisilobadilika: “Leo nitalitendea kazi wapi?” Kifungu kizuri cha kuanzia kundi la namna hiyo ni Luka 3:10-14. Makutano, watoza ushuru na askari wanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hawaambii watoza ushuru waache meza zao. Anawaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari nao wasimdhulumu mtu, wasimshitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Kila mmoja katika kundi aandike jibu ambalo Yohana angempa yeye kwa kazi aliyo nayo, kwa sentensi moja, na siku saba baadaye kila mtu aulizwe amefikia wapi.