Probu ya wodi ya wazazi kwenye jipu la koo: inafaa?

Probu ndefu ya altrasaundi, ile ya kuangalizia mimba changa kwa njia ya uke, ndiyo pia inayofaa zaidi kwa jipu la pembeni mwa tonsili. Hospitali nyingi zinayo tayari, kwa hiyo kununua nyingine si lazima. Gharama yake halisi ni usafi: baada ya kila mgonjwa ipitie dawa kali ya kuua vijidudu, hata kama kondomu inayoifunika haikupasuka. Kuipangusa kwa spiriti tu hakutoshi.

Jeli iingie ndani ya kondomu na mapovu yasukumwe yote. Hewa ikibaki, hakuna picha. Nyunyizia koo lidokaini, dawa ya ganzi, mgonjwa akae wima, kina cha picha kiwe sentimita 4 hivi. Mwachie mgonjwa ashike mpini na kuisogeza ncha mwenyewe mpaka panapouma. Hapo hatapiki hovyo.

Usaha kwa kawaida huonekana kama dimbwi jeusi, lakini ukiwa mzito hufanana na nyama, na hapa ndipo wengi hukosea. Bonyeza polepole: usaha huzunguka, nyama haizunguki. Mafindofindo yaliyovimba bila dimbwi hutibiwa kwa antibayotiki, si kwa sindano. Katika jaribio dogo la Marekani la 2012, lenye wagonjwa 28, altrasaundi haikukosea hata mmoja. Waliopimwa kwa macho tu, utambuzi ulikuwa sahihi kwa asilimia 64.

Kabla ya kuchoma sindano, washa Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotembea. Karotidi, mshipa mkubwa wa damu wa shingo, iko nyuma ya jipu, upande wa nje, na umbali wake unapimika palepale kwenye skrini. Kata ncha ya kifuniko cha sindano ya geji 18 ili sindano itokeze sentimita 1 tu, kisha kirudishie. Ukimaliza kuvuta usaha, piga picha tena. Kifuko kilichobaki huonekana.

Udhaifu wake mkubwa ni taya lililokaza. Probu isipopita mdomoni, tumia ya bapa chini ya pembe ya taya, ingawa picha haitakuwa safi vile. Butterfly iQ, altrasaundi ndogo ya mkononi, hutumika huko pia. Mdomoni haingii, kichwa chake kipana mno. Na anayedondosha mate huku pumzi ikitoa mlio asiguswe kwa probu yoyote mdomoni wala asilazwe chali: aitiwe kwanza mtu wa kulinda njia ya hewa.