Kijiti cha Kupima Udongo: Kinanijua Mimi, Mnyanya Hakiujui

Salaam aleikum, karibuni. Niko nyuma ya nyumba hapa Kisauni, jua lishaanza kuuma. Hiki mkononi ni kijiti cha kupima unyevu wa udongo, kinaungana na programu ya simu. Nimekinunua kwa pesa zangu. Jina silitaji, sitaki kesi na mtu.

Ukiifungua programu, swali la kwanza ni namba yako ya simu. La pili, ekari ngapi. La tatu, wataka mkopo? Mmea unakuja ukurasa wa nne, nao ni kugusa picha tu: nyanya, sukuma, maharagwe. Maji natoa wapi? Haijauliza.

Basi tazameni. Nakichomeka hapa... "Unyevu unatosha." Sasa nauchota udongo wenyewe, naufinya. Mnaona? Haushikani hata kidogo. Mimi namwagilia maji ya kisima, na visima vyetu vya huku mwavijua, chumvi. Kijiti kinapitisha umeme kidogo kati ya vyuma hivi viwili. Ukipita kwa wepesi, kinasema maji yapo. Lakini unyevu kiduchu wenye chumvi nao unapitisha vizuri tu. Na chumvi hiyohiyo ndiyo inayoizuia mizizi kuvuta maji. Yaani mnyanya una kiu mara mbili, simu inaniambia nitulie!

Halafu kalenda ya programu, ile ya kukupangia kazi za shamba. Inahesabu siku, wakati mmea unahesabu joto. Mnyanya hukua joto likipita nyuzi 10 hivi. Wastani wa siku ukiwa 27, kama hapa, toa hizo 10, mmea unajipatia 17 siku hiyo. Bara kwenye 18, unapata 8. Kalenda ni moja kwa wote! Na usiku wa kaskazi joto haliteremki, maua yanapukutika bila kushika tunda. Mimi nikaletewa ujumbe: "Ongeza mbolea." Jamani.

Kiswahili chake ni safi, hilo nakubali, na inafanya kazi bila bando.

Una maji ya mfereji? Chukua. Wa kisima, subiri kwanza. Mimi changu nimekibadilisha kazi: naloweka udongo chapachapa kwa maji ya mvua niliyokinga, nakichomeka, nalinganisha namba kitalu kwa kitalu. Penye namba kubwa ndipo chumvi imejaa, na hapo maharagwe sipandi.