Tangawizi, manjano, uwatu na vidonge vya magoti: uzoefu wangu

Nina miaka 47, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Chango, yaani maumivu ya hedhi, ninalo tangu usichana. Maumivu ya magoti yalifuata baadaye, kisha hedhi ikaanza kuruka miezi na likaja lile joto la kupanda kifuani hadi usoni katikati ya somo, wanafunzi wakidhani nimekasirika. Hospitali walinipima, kizazi hakikuwa na uvimbe, wakanipa brufeni. Inatuliza, ila tumbo langu haliipendi kabisa. Kwa hiyo nimetumia sana dawa za asili, na si zote nitakazozisifu.

Tangawizi ndiyo naipa alama za juu. Si ile ya kipande kimoja ndani ya birika la chai ya watu sita, hiyo ni ladha tu. Natumia unga: nusu kijiko cha chai asubuhi na nusu jioni, kwenye uji, kuanzia siku ninayohisi hedhi inakaribia. Maumivu ya hedhi huletwa na kemikali za mwili ziitwazo prostagilandini, zinazokaza misuli ya kizazi. Brufeni huzipunguza, na tangawizi nayo inaelekea kufanya hivyo hivyo. Wanawake waliofanyiwa utafiti walipewa kati ya miligramu 750 na gramu 2 za unga kwa siku, katika siku 3 au 4 za mwanzo, kwa hiyo kipimo changu hakikutoka hewani. Chango halijaisha, lakini naingia darasani. Ukiinywa tumbo tupu, jiandae kwa kiungulia.

Manjano nilianza kwa ajili ya magoti. Yenyewe peke yake mwili hauyafyonzi vizuri. Lazima yapate mafuta na pilipili manga kidogo, yaani mchuzi wa nazi tunaopika kila siku ulishamaliza kazi. Asubuhi magoti hayagandi kama zamani. Lakini kipindi hicho hicho nilianza pia mazoezi ya kuimarisha mapaja, kwa hiyo sifa zote siwezi kuyapa manjano.

Uwatu, kwa ajili ya lile joto, niliambiwa na kila mtu: shangazi, muuza viungo, hata kondakta mmoja. Unaloweka mbegu usiku, asubuhi unakunywa maji na kutafuna mbegu zenyewe. Joto lilipungua, kweli, ila joto la umri huu huja na kuondoka lenyewe hata usipokunywa kitu. Nilicho na hakika nacho ni harufu: jasho na mkojo vyote vinanuka uwatu, na darasani hakuna pa kujificha. Unashusha sukari pia, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa asiuanze bila kumwambia daktari wake. Habasoda nilitumia, sikuona tofauti yoyote.

Sasa vidonge. Dada yangu aliniletea kopo lisilo na jina la mtengenezaji, lenye picha ya goti jekundu, na maelezo kwamba ni mitishamba mitupu: inaondoa maumivu ya viungo, inasafisha kizazi, inazibua mirija, inaweka homoni sawa, na kuongeza nguvu za kiume, ambazo mimi sina kazi nazo. Tangu kikombe cha Loliondo mwaka 2011 nimekuwa mgumu kwa dawa moja inayotibu kila kitu, lakini goti likiuma usiku kucha mtu hujaribu. Maumivu yaliondoka karibu mara moja. Nilipanda ngazi za shule kama msichana. Baadaye uso ukaanza kujaa, hamu ya kula ikapanda, presha ikawa juu na sukari nayo ikasogea. Daktari aliliangalia lile kopo, akaniambia dalili zangu ni za mtu anayemeza steroidi, dawa kali za jamii ya homoni zinazotuliza uvimbe na maumivu. Hakuniruhusu hata kuacha ghafla, kwa sababu mwili uliozoea steroidi husahau kutengeneza za kwake. Alinishusha polepole kwa vidonge vya hospitali.

Jambo hili halikuanzia Tanga. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, vidonge vya viungo vilivyouzwa kama vya asili, baada ya maabara kukuta ndani yake deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mmea hauondoi maumivu ya miaka kwa usiku mmoja. Ukiona hivyo, uliza kuna nini humo ndani. Hapa kwetu lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji akikosa usajili wa kukuonyesha, rudisha pochi yako kwapani.

Siku hizi nanunua tangawizi kavu nzima sokoni, nasaga mwenyewe. Rafiki yangu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda nilimkataza kuniiga kwenye tangawizi na manjano mengi, maana vinaweza kumzidishia kutokwa damu. Magoti yamerudi kuuma kiasi, naendelea na mazoezi. Uwatu nitamalizia uliobaki kwenye mkebe, mwingine sinunui.