Kipimo cha leza cha vumbi: kinataja saa, hakimtaji mkosaji

Kwa miezi mitano nimekitumia kipimo hiki kidogo, kikiwa kimefungwa chini ya paa katika jiji lenye magari mengi, viwanda na majiko ya kuni, kwa nia moja tu ya kujua hewa ninayoivuta inachafuliwa na nini.

Katika kuonyesha saa ya uchafuzi, sina la kulalamikia. Kila baada ya dakika 2 hukadiria uzito wa chembechembe zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5, na baada ya wiki mbili grafu ilikuwa na vilima viwili: cha asubuhi, magari yanapobanana, na kingine kirefu zaidi usiku, hewa ya chini inapopoa na kutulia, moshi ukakosa pa kupandia. Jioni moja kilipanda kutoka mikrogramu 30 hadi 210 kwa mita ya ujazo ndani ya dakika 10. Nilipotoka nje nilikuta plastiki zikichomwa nyuma ya ukuta. (Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15.) Nilipooanisha takwimu hizo na mwelekeo wa upepo, ndipo nilipoiona thamani yake hasa.

Kasoro yake kubwa ni ukungu. Unyevu ukizidi, chembe hunywa maji na kuvimba, nacho huzisoma kama uchafu; kwa siku kadhaa nilikishuku bure kiwanda kilichokuwa kimefungwa. Tarakimu ya vumbi nene, PM10 (chembe zisizozidi mikromita 10), nayo ni makisio zaidi kuliko kipimo, kwa kuwa punje kubwa nyingi hazifiki kwenye leza, na hivyo uwiano wa chembe ndogo na vumbi nene ambao ungetenganisha vumbi la barabarani na moshi hauaminiki.

Kinachoniudhi ni boksi kudai kwamba kifaa hutambua vyanzo. Leza huona mwanga uliotawanywa na chembe, haioni chembe imeundwa na nini. Kazi hiyo hufanywa maabara, kwa kuchunguza chujio lililonasa vumbi: levoglukosani, kemikali inayotokea mbao zinapoungua, huelekeza kwenye kuni, silikoni na alumini kwenye udongo, metali za vanadi na nikeli zikiwa pamoja kwenye mafuta mazito ya kuendeshea meli na mitambo.

Nakipa nyota 3 kati ya 5; ya nne nitaiongeza siku dai hilo litakapofutwa kwenye boksi.