Mvinyo wa Makutupora usio na sukari, umenishika

Jamani watu wa Bagamoyo, juzi nimepata chupa 2 za mkulima mmoja mdogo wa Dodoma anayekamua zabibu zake mwenyewe, sijatulia mpaka niandike. Sisi tumezoea dompo, ule mvinyo mtamu halafu mkali, glasi 2 tu kichwa kinagonga, ikabaki imani kwamba zabibu nyekundu ya Dodoma iitwayo Makutupora haina ulaini wowote. Sio kweli kabisa!! Huyu bwana hatii sukari, hatii hamira ya dukani, anaacha chachu ile ile inayokaa kwenye maganda ifanye kazi yake taratibu, na wala hachuji, ndo maana chini unakuta mashapo, usiogope, simamisha chupa tangu asubuhi na mimina polepole.

Nikainua glasi kwenye taa, nyekundu ya choya, kidole unakiona upande wa pili. Harufu ya zambarau na udongo uliopigwa mvua ya kwanza. Nimeipoza kidogo kwenye friji, joto la huku pwani mnalijua, nikala na changu wa kuchoma, ndimu na pilipili, aisee havigombani kabisa.

Chupa ya pili ilikuwa chachu kama siki, na simlaumu mkulima, dukani waliianika dirishani juani na mvinyo wa hivi hauvumilii jua. Ombeni ya ndani kivulini. 35,000 si kidogo ila mi narudi tena mwisho wa mwezi.